Fundi Aliyeitoa Orodha ya Maziwa

Majina ya watu hayanipotei. Nitajie mtoto yeyote aliyezaliwa mtaani kwetu Langoni tangu nilipoolewa, nitakutajia mama yake, mkunga aliyempokea na jirani aliyempikia mzazi uji. Jina la fundi wa kompyuta nalo nalijua, na la baba yake pia, lakini hapa silitaji. Alipokuja kisiwani kwetu Amu kutoka bara, watu walilivunjavunja jina lake wiki nzima, hata mwisho akasema, "Basi, niiteni Fundi." Tukamwita Fundi. Miaka imepita, na leo ukiulizia nyumba yake kwa jina la kwao, watu watakutazama tu. Alizaliwa wapi, na nani, hatukumuuliza, wala yeye hakuyaleta mambo hayo barazani.

Duka lake ni chumba kimoja kichochoroni, nyuma ya kwa Bwana Faraji mshonaji. Mlangoni alitundika ubao mweusi wa kuandikia kazi za siku kwa chaki. Mafundi wengine huandika jina la mwenye kitu. Yeye aliandika ugonjwa: "Inazima yenyewe." "Haioni panya wake." "Inanguruma." Ukipita hapo hujui kitu ni cha nani. Bwana Faraji alikuwa akiketi na cherehani yake anasoma ule ubao kama gazeti, na hakuambulia jina hata moja. "Huyu mtu wa bara," aliniambia siku moja, "angekuwa mke wangu ningelala raha."

Alikuwa na ila moja iliyotuudhi sote. Akiwa kazini hajibu salamu. Wewe utapiga hodi, utamuuliza habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, naye amekupa mgongo, amekuinulia kidole kimoja kama imamu kwenye tahiyatu. Kwetu salamu ni ndefu na ina watu wengi ndani yake, na mtu kukuachia salamu hewani ni kama kukufungia mlango. Bwana Omari wa mashua, anayevusha wageni kwenda Ras Kitau, aliingia siku moja na sauti yake ya baharini, akasimama kwenye mwanga wa dirisha. Fundi akamwambia bila kugeuka, "Bwana Omari, umeniwekea usiku." Bwana Omari alinuna mwezi mzima. Simu yake ilipolowa maji ya chumvi aliirudisha kwa mtu yuleyule, maana hakuna aliyekuwa mwangalifu kama yeye.

Sasa niseme habari ya orodha yangu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nimjue.

Sisi tuna jambo la maziwa. Mtoto akinyonyeshwa na mwanamke asiyekuwa mama yake, mara tano za kushiba au zaidi, kabla hajatimiza miaka miwili, mwanamke huyo amekuwa mama yake na watoto wa mwanamke huyo ni ndugu zake, hawaoani. Zamani mama akiugua, mtoto hapelekewi chupa, hupelekwa nyumba ya pili. Lazima pawe na mtu wa kukumbuka. Mtu huyo mtaani kwetu nilikuwa mimi, kwa kuwa mara nyingi mimi ndiye niliyembeba mtoto kumpeleka na kumrudisha. Watu wakitaka kuposa hunijia kwanza. Niliwahi kuyaandika kwenye daftari kwa mwandiko wangu wa taabu, mchwa wakalila daftari. Mjukuu wangu Rukia alipomaliza shule, kabla hajaolewa Mombasa, akasema, "Bibi, nitajie yote niyatie kwenye kompyuta, mchwa hawaingii huko." Tuliketi siku nyingi mimi, yeye na marehemu Bi Time, jirani yangu, aliyenyonyesha nusu ya watoto wa mtaa. Mimi nataja, Bi Time anarekebisha, Rukia anabonyeza.

Kompyuta ile ilikuwa nzee tangu ilipokuja, kisanduku kikubwa chenye televisheni yake juu. Rukia alipoondoka aliniachia, akanifundisha kuiwasha na kuizima. Niliitunza kama kitu cha heshima. Niliifunika kitambaa nilichokidarizi mwenyewe, na kila Alhamisi jioni, nikifukiza nguo, chetezo nilikiingiza chini ya meza yake, udi ukapanda vizuri, jicho la hasidi lisiipate.

Ikaja posa. Twalib, aliyehamia kijiji cha Shela na baba yake Bwana Athmani baada ya mama yake, Bi Time, kufariki, alimtaka Salma, binti mdogo wa jirani yangu Bi Maryamu. Watoto wanapendana, wazee wameridhika. Wakaniita. Bi Maryamu alizaa mabinti wawili, Swafiya kisha Salma, na mara zote mbili alishikwa na homa kali ya uzazi akawa hajui mchana wala usiku. Mtoto mmoja alinyonyeshwa na Bi Time, wa pili na Bi Rehema. Bi Rehema naye amekwisha kufa. Nani alikwenda wapi? Nilijibu mbele ya watu wote bila kupepesa jicho, "Salma ndiye wa Bi Time. Nilimbeba mwenyewe kwenye leso nyekundu, mvua inanyesha. Salma na Twalib ni ndugu."

Salma alikuwa nyuma ya pazia na birika la chai. Nilisikia birika likiwekwa chini, polepole sana, na chai haikuja.

Siku ya tatu Bi Maryamu akaja kwangu. "Bi Mwanaisha, mtoto hali chakula. Mimi sikukatai, lakini nionyeshe ile orodha mliyoandika na Bi Time. Nikiiona nitakubali, nitamwambia mwanangu amsahau."

"Ndoo uketi," nikamwambia, "nitakuonyesha sasa hivi," nikaiwasha. Ikatoa maandishi meupe kwenye weusi, ikasimama. Nikaizima nikaiwasha tena. Safari hii ikafika kwenye picha ya maua aliyoiweka Rukia, kisha ikaganda, na ndani yake kitu kikawa kinagonga, ta, ta, ta, kama mtu aliyefungiwa chumbani. Bi Maryamu akanitazama. Nikaiwasha mara ya tatu na ya nne. Kwa kweli nilikuwa nikiionea aibu, kama mtoto anayekataa kusoma mbele ya wageni.

Nilimwendea Fundi, nikasimama mbali na dirisha lake. Nilipomaliza kusema, aligeuka mzima, jambo ambalo Bwana Faraji aliniambia hajapata kuliona.

"Umeiwasha mara ngapi tangu ianze kugonga?"

"Mara nne."

"Usiiwashe ya tano. Nakuja."

"Nitakuletea. Punda wa Bwana Omari yupo."

"Mgonjwa wa moyo hapandishwi punda, Mama. Nakuja mimi."

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa kama ya mganga mzuri wa zamani, yule anayeuliza kabla ya kugusa. Aliketi kwenye mkeka wangu, hakuifungua kompyuta kwanza. Inakataa saa gani, asubuhi au mchana? Ikikaa siku mbili bila kuwashwa inakubali? Umeme ukikatika huwa imewashwa? Imewahi kusogezwa? Nilichokijua nilijibu. Nilipokumbuka kuwa asubuhi huwa na adabu kuliko alasiri, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa habari njema. Kisha akaifungua ubavu mmoja, akaiwasha mara moja tu, akachukua bisibisi yenye mpini wa mti, akaitia ncha kwenye kile kisanduku cha chuma cha ndani, kadiri ya kitabu cha dua, wanachokiita diski. Mpini akautia sikioni. Akafumba macho. Akaizima.

"Nini?" nikamuuliza.

"Sijui bado."

Hilo ndilo neno lake lililowachosha watu. Mafundi wengine hapa mjini hawalijui. Wao kabla hujaketi wamekwisha kukuambia kimekufa nini na utanunua nini. Fundi alisema "sijui bado" mpaka ukatamani kumpiga, na akishajua hasemi "nimetengeneza", husema "imekubali", kana kwamba kazi yake ilikuwa kubembeleza tu.

Alibadilisha kwanza waya unaotoka kwenye diski, kwa kuwa waya ni rahisi na aghalabu ndio wenye makosa. Ikawa bado. Meno ya shaba yaliyoota kutu ya hewa ya bahari aliyasugua kwa raba ya kufutia penseli, kama mtu anayemsugua mtoto kucha. Ikawa bado, ila ilikawia zaidi kabla ya kugonga. Kisha akafungua kisanduku kizima. Akachungulia. Akavuta pumzi puani, akanigeukia.

"Mama, mashine hii imehudhuria harusi ngapi?"

Ile feni ndogo ya ndani, inayopuliza joto litoke, ilikuwa imeganda kwa utomvu wa hudhurungi, imenata kama halua. Udi wa Alhamisi miaka yote ulipandia pale, ukafunga ile feni, na kitambaa changu cha kudarizi kikafunga tundu la nyuma. Joto lilikuwa halina ndia ya kutokea, na diski ikawa inapikwa.

"Nimefungua kompyuta za maofisi," akasema, "za mahoteli ya Shela, za shule. Hii ndiyo ya kwanza kunukia vizuri."

Nilicheka kwa kuwa alitaka nicheke. Lakini moyoni nilikuwa najiambia: ni mimi. Hakuna aliyeiharibu ila mimi. Akaliona hilo usoni pangu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ameona watu wakizifungia mashine zao kwenye plastiki, na mwingine aliyeweka ya kwake karibu na dirisha la bahari ipate upepo, ikaliwa na chumvi hadi ikatoboka. "Kila mtu huua kitu kwa kukipenda namna ya kwao," akasema, akaendelea kukwangua.

Nilimsihi aitengeneze. Hakutaka. Alisema kwanza tutoe kilichomo, kisha ndipo tutazame ugonjwa, na mtu anayeanza na ugonjwa humaliza na maiti aliyepona. Rukia kwenye simu alishauri diski itiwe kwenye friza, ameona watu wakifanya. Fundi akasema, "Mwambie mjukuu wako, kwa unyevu wa Amu, ikitoka humo tutaikamua kama nguo." Kisha akaniambia neno ambalo sikulijali siku ile. "Mama, diski inayokataa kabisa haina taabu, unajua imekataa. Ya kuogopwa ni hii. Leo inakupa jibu, na inalitoa bila wasiwasi, kesho inakupa jingine."

Akaja asubuhi tatu mfululizo, baada ya alfajiri, nyumba ikiwa baridi. Aliitoa ile diski akaiunga kwenye kompyuta yake mwenyewe, akaielekezea feni ya mezani. Inasoma kidogo, ikianza kupata joto anaipumzisha, anakunywa chai yangu ya tangawizi, anaigusa kwa nyuma ya mkono kama unavyomgusa mtoto paji la uso. Asubuhi ya kwanza zilitoka picha za Rukia. Ya pili haikutoka kitu, iligonga tu, na yeye aliondoka akaacha chai kikombeni. Siku hiyo Salma alipita mbele ya mlango wangu na ndoo, akanisalimu kwa adabu, salamu nzima, hakuacha hata mtu mmoja wa nyumbani kwangu. Afadhali angenitukana.

Asubuhi ya tatu Fundi akasema, "Imekubali."

Hapo ndipo nilipomjua. Orodha ilikuwa wazi kwenye skrini, na yeye aliinuka, akageuza kiti chake, akaketi kuutazama ukuta. Nikamwambia, "Fundi, nisomee, mimi herufi zenu ni taabu kwangu."

"Hapana, Mama. Mambo ya maziwa ya watu si yangu."

"Basi nitasomaje?"

Akarudi, akayakuza maandishi bila kuyatazama, amegeuza uso kama mtu anayemfunga mtoto nepi hadharani, hata jina moja likajaza mstari mzima. Akanionyesha kitufe cha kushukia. Akarudi kwenye ukuta wake. Nilishuka jina baada ya jina, kidole kwenye kioo. Nikafika kwa Bi Maryamu.

Swafiya, wa Bi Maryamu. Amenyonyeshwa na Bi Time. Mara saba.

Salma, wa Bi Maryamu. Amenyonyeshwa na Bi Rehema. Mara tisa.

Nikasoma tena, nikidhani herufi zimenicheza. Kisha nikaiona ile leso nyekundu. Nikaiona kwa Swafiya, mvua inanyesha, nami nakimbia nayo kwa Bi Time. Na miaka mitatu baadaye nikaiona leso ileile, imepauka, imefungiwa Salma, kwa kuwa mtoto mdogo hurithi vitu vya mkubwa. Mimi nilikuwa nimeishika leso, nikamwacha mtoto.

Uso ukutani, Fundi akauliza, "Imetoka?"

"Imetoka."

"Kama ulivyotaraji?"

"La."

Hakuuliza zaidi. Alikaa vile vile amenipa mgongo kwa muda mrefu, mtu ambaye mgongo wake ulimuudhi mji mzima, na mimi siku hiyo nilimshukuru kwa mgongo ule, maana nililia. Nilikuwa nalikumbuka neno lake la diski ya kuogopwa, ile inayotoa jibu bila wasiwasi. Yeye hakulirudia. Mtu mwingine angelirudia.

Nikavaa buibui nikaenda kwa Bi Maryamu. Nilitaka aite walewale waliokuwapo siku ya kwanza, na akawaita, nikawaambia nilichokisoma.

"Yana Salma ni ndugu yake, yeo si ndugu yake," akasema dada yake Bi Maryamu. "Na kesho, Bi Mwanaisha?"

"Kesho msiniulize mimi," nikasema. "Ulizeni maandishi. Bi Time alikuwapo yakiandikwa, mimi nilikosea." Tukampigia Rukia, akasema kweli, anamkumbuka Bi Time akihesabu zile mara saba kwa vidole. Sheikh wa msikiti wetu aliposikia, akasema ndoa iendelee. Kutoka nyuma ya pazia chai ikaja. Salma akanimiminia mimi kwanza, akajaza kikombe mpaka ikamwagika kwenye sahani.

Diski ile haikuwaka tena. Fundi alisema imesubiri mpaka imekabidhi. Aliniwekea orodha kwenye flashi tatu, akaniamuru zikae nyumba tatu: moja kwangu, moja kwa Swafiya, moja Shela kwa Salma na Twalib walipooana. Hakuna mtu aliyehubiri nakala kama yeye. Na simu yake mwenyewe ilipoangukia kisimani, namba zote za kwao bara zilikwenda na maji, maana hakuwa na nakala hata ya karatasi. Bwana Faraji alimcheka mpaka sindano ikamchoma. Fundi akasema tu, "Sikujua kama nami ni mteja."

Mwaka huu, Salma akiwa na mtoto wa miezi minne, alikuja kukaa kwa mama yake. Fundi naye alikuwa na mgeni, mkwewe, mke wa mwanawe, aliyekuja kujifungulia hapa. Akajifungua binti salama, kisha damu ikamzidi, akapelekwa Mombasa kwa ndege na mumewe, mtoto akabaki na babu. Mtoto akakataa chupa siku nzima. Kilio chake kilifika kwa Bi Maryamu. Salma hakuitwa na mtu. Alimkabidhi mama yake mwanawe, akavuka kichochoro, akapiga hodi. Alimnyonyesha siku kumi na moja, mpaka mama mtu akarudi akitembea.

Wiki iliyofuata nilisikia hodi mlangoni pangu. Fundi, hana mkoba wa bisibisi. Amevaa shati la Jumapili. Akanisalimu. Akaniuliza za asubuhi, za afya, za mguu wangu unaouma, za Rukia na mumewe na watoto wake kwa majina, za Bi Maryamu, za Swafiya. Hakuruka hata mmoja. Nikajibu zote, nikamuuliza zake zote, tukachukua muda wetu.

Kisha akasema, "Mama, nimekuja kwa ajili ya orodha."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Ina upungufu." Akatazama mikono yake. "Sisi si wa dini yenu, na sijui kama inafaa. Lakini mwanangu na mkewe wamekata shauri kuhamia hapa, na mtoto huyu atakulia papa hapa. Siku moja atampenda mtu. Nisingependa watu wakae barazani wakitafuta nani alikumbuka nini."

"Salma ni mama yake," nikamwambia. "Dini haibadilishi hilo. Lazima aandikwe."

Akatoa kompyuta yake ndogo, akachomeka flashi yangu, akafungua orodha. Akakuza maandishi bila kuyatazama. Akanisogezea vibonyezo. Kisha, kwa mazoea yake, akageuza kiti chake kuelekea ukutani.

"Fundi," nikasema, "leo geuka utazame. Hili ni lenu."

Akageuka. Nikabonyeza kwa kidole kimoja, polepole, jina la mtoto, na jina la baba yake, na jina la babu yake, lile refu ambalo mtaa mzima ulishindwa nalo. Sikumuuliza herufi hata moja. Akalifuata herufi kwa herufi, midomo yake ikicheza, na lilipokamilika akavua miwani yake iliyofungwa kwa waya, akaifuta kwa shati la Jumapili.

"Mara ngapi?" nikamuuliza.

"Siku kumi na moja. Sikuhesabu, Mama. Nilikuwa nimegeukia ukuta."

Nikaandika: mara nyingi, siku kumi na moja, babu mtu alikuwapo. Jina lake limekaa huko, nyumba tatu. Hapa nimemwacha aitwe Fundi tu.